Kuilaza Linux: kwenye RAM, kwenye diski, au kote kuwili?

Ukifunga kifuniko cha laptopu yenye Linux, au ukibonyeza Suspend kwenye menyu, kuna mambo kadhaa ambayo kerneli, kiini cha mfumo, inaweza kufanya. Tofauti utaiona asubuhi: betri imebaki asilimia 94, au imebaki 30, au mashine imezimika kabisa na barua uliyokuwa ukiiandika imekwenda nayo. Wengi huilaumu Ubuntu au huisifu Fedora (matoleo ya Linux), au hubadilisha GNOME kwa KDE (mazingira ya skrini na menyu) wakitumaini mambo yatatengemaa. Lakini GNOME na KDE hutuma ombi tu. Namna mashine itakavyolala huamuliwa na kerneli ikishirikiana na BIOS, yaani programu iliyomo kwenye bodi ya mashine yenyewe, na mara nyingi BIOS ndiyo yenye neno la mwisho.

Hapa ninalinganisha njia tatu za msingi (s2idle na S3, zote mbili za kulala kwenye RAM, na kulala diskini) na mbili za mchanganyiko. Nimezitazama kwa jicho la mtu anayeishi mahali umeme unapokatika bila taarifa, kwa sababu hapo hesabu hubadilika. Ushauri mwingi ulioandikwa kuhusu jambo hili huchukulia kwamba soketi ya ukutani ina umeme saa zote.

| Njia | Umeme inaotumia | Kuamka | Umeme ukiisha kabisa | Inahitaji nini |
|---|---|---|---|---|
| s2idle | inategemea kila kifaa kilichomo | papo hapo | kazi inapotea | hakuna |
| S3 | kidogo, unatabirika | sekunde chache | kazi inapotea | BIOS iwe nayo |
| Diski | karibu na sifuri | kama kuwasha upya, pengine zaidi | kazi iko salama | swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya kutosha, kerneli isiyofungwa na Secure Boot |
| RAM na diski | kama ya RAM | haraka, au polepole umeme ukiwa ulikatika | kazi iko salama | yote ya juu |

Iulize mashine kwanza

Jedwali halikusaidii kitu kama hujui mashine yako ina nini. Fungua terminali uandike amri hizi mbili:

`cat /sys/power/state`
`cat /sys/power/mem_sleep`

Ya kwanza hutaja yale ambayo kerneli iko tayari kuyafanya: `freeze`, `mem`, `disk`, na kwa nadra `standby`. Ya pili ndiyo ya kuitazama vizuri, maana ndiyo inayosema neno `mem` lina maana gani kwenye mashine hiyo. Ukiona `s2idle [deep]`, una S3 na ndiyo inayotumika. Mabano huzunguka iliyochaguliwa. Ukiona `[s2idle] deep`, S3 ipo lakini imeachwa pembeni. Unaweza kuijaribu kwa `echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep`, na ikikuridhisha uifanye ya kudumu kwa kuongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye mstari wa kerneli katika GRUB, programu inayoipakia kerneli mashine ikiwaka. Ukiona `[s2idle]` peke yake, BIOS haikuitangaza S3, na hakuna amri ya Linux itakayoiumba.

S3: ya zamani, na kwangu bado ndiyo bora ya RAM

Kanuni za ACPI, zilizotolewa mwishoni mwa 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, zilipanga usingizi wa kompyuta kwa ngazi. S3 ni ile ambayo kerneli inagandisha programu zote, inaziagiza draiva zihifadhi hali ya vifaa vyao, inazima kore zote za prosesa ibakie moja, kisha inaikabidhi mashine kwa BIOS. Kuanzia hapo umeme unaondolewa karibu kila mahali isipokuwa kwenye RAM na vile vichache vinavyosubiri kuiamsha mashine, kama kitufe cha kuwashia na kihisi cha kifuniko.

Ninaipenda kwa sababu haibembelezi mtu. Kadi ya Wi-Fi yenye draiva mbovu haiwezi kuizuia prosesa kulala, maana zote mbili zimenyimwa umeme. Kwa laptopu ya kawaida matumizi huwa chini ya wati moja, na ya leo hufanana na ya kesho.

Udhaifu wake uko kwenye kuamka. BIOS ndiyo inayoshika usukani kwanza kabla ya kuirudishia kerneli, na BIOS ikiwa na kasoro utakutana na skrini nyeusi huku feni ikizunguka, bila hata mstari mmoja kwenye kumbukumbu za mfumo wa kukuonyesha pa kuanzia. Mara nyingi dawa ni kusasisha BIOS.

Habari njema kwa pande zetu ni kwamba laptopu nyingi zilizotumika, zile zinazojaa maduka ya Kariakoo na ambazo Nairobi huitwa ex-UK, ni za miaka ya S3. ThinkPad T480 inayo. EliteBook 840 G3 inayo. Anayenunua mashine ya aina hiyo kwa ajili ya Linux anapata usingizi wa kuaminika kuliko wengi walionunua mpya dukani.

s2idle: nzuri ikifanya kazi, na usiiamini kabla ya kuipima

Njia hii iliingia kwenye kerneli 3.9 mwaka 2013, ikiitwa freeze. Kerneli inagandisha programu, inalaza vifaa, inasimamisha saa yake ya ndani, kisha inaziacha kore zote za prosesa zishuke kwenye ngazi ya chini kabisa ya kutofanya kitu. BIOS haikabidhiwi chochote. Kwa mtazamo wa ACPI mashine bado iko S0, yaani iko macho, ila hakuna anayefanya kazi. Ndiyo sababu inaamka haraka sana, na ndiyo sababu inaweza kufanya kazi kwenye mashine yoyote, hata isiyo na ACPI.

Chanzo cha kuenea kwake ni Windows. Microsoft ilitaka laptopu ilale kama simu: skrini imezimwa lakini barua pepe zinaingia. Mpango huo ulianza na Windows 8 mwaka 2012, na kwenye Windows 10 ukaitwa Modern Standby. Watengenezaji wakaufuata, na wengi wakaiondoa S3 kwenye BIOS. Mwaka 2018 ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha 6 ilitoka bila S3. Watumiaji wa Linux walilalamika, na miezi michache baadaye Lenovo ikatoa BIOS yenye chaguo la kubadili kati ya usingizi wa Windows 10 na wa Linux. Chaguo kama hilo limezidi kuwa adimu. Kuanzia kizazi cha 11 cha Intel Core, kilichotoka 2020, laptopu nyingi hazina S3 kabisa.

Sasa shida yenyewe. Ili prosesa ishuke hadi ile ngazi ya chini inayookoa betri, ambayo kwa Intel huitwa S0ix, ni lazima kila kifaa kikubali kulala: diski ya NVMe, kadi ya Wi-Fi, bandari za USB, kadi ya picha, kisoma alama za vidole. Kimoja kikikataa, wote wanabaki macho kwa ajili yake. Skrini itakuwa nyeusi, taa itapepesa kama kawaida, na wewe utaamini mashine imelala wakati inatafuna wati mbili, tatu au zaidi.

Fanya hesabu kwa betri ya Wh 50 iliyojaa. Umefunga kifuniko Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Mashine inayotumia nusu wati itakula Wh 31 hadi Jumatatu saa mbili asubuhi, na utafungua ukute zaidi ya theluthi ya betri. Inayotumia wati mbili itakuwa imekufa Jumamosi saa moja usiku. Kwa nje, mbili hizi hazitofautiani hata kidogo.

Kwa hiyo usiamini taa. Kwenye kerneli za kuanzia 2023, baada ya kuiamsha mashine soma `/sys/power/suspend_stats/last_hw_sleep`. Namba hiyo ni muda, katika mikrosekunde, ambao mashine ilikuwa katika usingizi wa kweli. Ikiwa umeilaza kwa dakika kumi na faili inasema sifuri, au sekunde chache, una kifaa kinachokesha. Kwenye Intel yenye kerneli ya zamani zaidi, `/sys/kernel/debug/pmc_core/slp_s0_residency_usec` hutoa jibu lile lile. Kwa AMD, hakikisha draiva ya `amd_pmc` imepakiwa. Iliingia kernelini mwaka 2021, na mashine nyingi za Ryzen zilizosifika kwa kumaliza betri usingizini zilikuwa zikiikosa tu.

Jambo jingine ni kuamka bila kuitwa. Kwa kuwa mashine iko S0, kitu kidogo tu kinaweza kuishtua: kipanya cha USB kilichoguswa, chaja iliyochomolewa. Ikiamka ndani ya begi, inapata joto humo humo hadi betri iishe. Orodha ya wenye ruhusa ya kuamsha iko `/proc/acpi/wakeup`, na unaweza kumnyima ruhusa mmoja mmoja kwa kuandika jina lake ndani ya faili hiyo hiyo. Badiliko hilo hufutika ukiwasha upya, kwa hiyo litie kwenye huduma ya systemd (programu inayoendesha huduma za mfumo) ukiona limesaidia.

Nisiionee. Kwenye laptopu ambayo Linux imepimwa na mtengenezaji wake, s2idle inaweza kukaribia S3 kabisa kwa matumizi ya betri, na kuamka kwake ni kutamu. Ninachokataa ni kuikubali kwa imani.

Diski: salama kuliko zote, na yenye masharti mengi kuliko zote

Hii ndiyo Hibernate ya kwenye menyu, kama menyu yako inayo. Ubuntu iliiondoa kwenye menyu tangu toleo la 12.04, na wapo wanaodhani Linux haina kitu hicho. Inayo tangu kerneli za 2.5, mwaka 2002, kwa kazi iliyoanzwa na Gabor Kuti na kuendelezwa na Pavel Machek. Baadaye Nigel Cunningham alidumisha kwa miaka mingi toleo lake la pembeni, TuxOnIce, lililokuwa na wapenzi wengi lakini halikuwahi kukubaliwa ndani ya kerneli kuu. Kwa muda mrefu mtu aliyetaka kulaza Linux diskini alikuwa na matoleo matatu ya kuchagua, na pengine sifa mbaya ya njia hii ilianzia kwenye vurugu hizo.

Namna inavyofanya kazi inaeleza masharti yake, kwa hiyo vumilia aya moja. Kerneli inagandisha programu na kupunguza vilivyomo kwenye RAM, kwa kutupa akiba za faili na kusukuma baadhi ya kurasa (vipande vya kumbukumbu) kwenye swapu. Kisha inavilaza vifaa kwa kitambo na kujipiga picha: inanakili kumbukumbu yote inayotumika kwenda sehemu nyingine ya RAM hiyo hiyo. Baada ya hapo inaviamsha vifaa, inaandika picha kwenye swapu ikiwa imebanwa, na kuzima mashine. Ukiwasha, BIOS na GRUB hupita kama kawaida, kerneli mpya inaanza, inaikuta picha, inaisoma, kisha inaipisha kerneli ya zamani iendelee palipoachwa.

Kwa kuwa nakala inakaa kwenye RAM kwanza, picha haiwezi kuzidi nusu ya RAM hivi. Kwa kawaida kerneli hulenga picha isiyozidi sehemu mbili kwa tano, yaani GB 3.2 kwa mashine ya GB 8. Thamani hiyo iko `/sys/power/image_size`. Hii haina maana kwamba swapu ya GB 3.2 inatosha. Kurasa zilizosukumwa nje kabla ya picha nazo zinakaa kwenye swapu ile ile. Swapu inayolingana na RAM ni kipimo ambacho hakijanisumbua, na mwenye GB 32 ambaye hajazi hata robo anaweza kupunguza.

Muda unategemea diski. Kwa NVMe, GB 3 zinaandikwa kwa sekunde chache. Kwa diski ya kuzunguka yenye kasi ya MB 100 kwa sekunde, ni nusu dakika kuandika na nusu dakika kusoma, juu ya muda wa kawaida wa kuwaka. Kisha kuna dakika ya kwanza ambayo mashine inaonekana nzito, kwa kuwa akiba zake zilitupwa na kurasa nyingine bado ziko kwenye swapu. Mwenye diski ya kuzunguka ajiulize kama kuzima na kuwasha si karibu sawa, isipokuwa ana madirisha thelathini asiyotaka kuyafungua upya.

Wapo wanaoogopa kuichosha SSD. Picha ya GB 3 mara mbili kwa siku, kila siku, ni TB 2.2 kwa mwaka. Samsung 870 EVO ya GB 250 ina dhamana ya kuandikwa TB 150. Sina la kuongeza hapo.

Vizuizi vya kweli ni vingine. Fedora, tangu toleo la 33 la mwaka 2020, husakinishwa ikiwa na swapu ya zram tu, yaani swapu iliyo ndani ya RAM. Picha haiwezi kuhifadhiwa humo kwa sababu humo ndimo umeme unamokatwa. Ubuntu huweka faili ya swapu ambayo mara nyingi ni ndogo mno kwa kazi hii. Kote kuwili utalazimika kutengeneza swapu ya diski mwenyewe. Halafu kerneli iambiwe picha iko wapi, kwa `resume=` yenye UUID (namba ya utambulisho) ya sehemu ya diski, na kama swapu ni faili, `resume_offset=` pia, namba ambayo kwenye mfumo wa faili wa ext4 hupatikana kwa `filefrag -v`. Kwa mashine ya UEFI (BIOS ya kisasa) yenye systemd 254 au zaidi kazi hii imepungua: systemd yenyewe huandika mahali pa picha kwenye kumbukumbu ya UEFI, na mashine ikiwaka inapasoma.

Kizuizi kikubwa zaidi ni Secure Boot, ukaguzi wa saini za programu wakati mashine inawaka. Tangu kerneli 5.4 ya mwaka 2019 kuna hali iitwayo lockdown, na Fedora, Ubuntu na Debian huiwasha ikiwa Secure Boot imewashwa. Ndani ya hali hiyo kulala diskini kumekatazwa. Sababu ina mantiki: picha haina saini, kwa hiyo mtu mwenye mamlaka ya root (msimamizi mkuu) angeweza kuihariri ikiwa diskini na kuiingizia kerneli msimbo wake wakati wa kuamka. Ukisoma `/sys/power/disk` ukaona `[disabled]`, usihangaike na swapu. Shida ni hiyo. Unachagua moja: Secure Boot au usingizi wa diski. Kwa laptopu ya nyumbani ambayo diski yote, pamoja na swapu, imesimbwa kwa LUKS (usimbaji wa diski wa Linux), mimi ningezima Secure Boot. Kwa mashine ya ofisi yenye msimamizi wake, hilo si lako kuliamua.

Michanganyiko miwili ambayo wengi hawaijui

Systemd inakupa `systemctl hybrid-sleep` na `systemctl suspend-then-hibernate`. Majina yanafanana, matumizi yako mbali.

Ya kwanza inaandika picha diskini, kisha badala ya kuzima inalala kwenye RAM. Umeme ukiwepo, mashine inaamka haraka kutoka RAM na picha inatupwa. Umeme ukikatika, RAM inasahau, lakini ukiwasha inasoma picha na unaendelea. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, katika mji wenye mgao, sioni hoja ya kutumia usingizi wa kawaida wa RAM badala ya huu. Gharama yake ni zile sekunde za kuandika kila unapoilaza.

Angalizo: picha hulinda kilichokuwepo wakati wa kulala. Umeme ukikatika ukiwa unaandika, hybrid-sleep haikusaidii chochote. Kwa hilo unahitaji UPS, na ikiwezekana yenye waya wa data wa USB, kwa sababu UPS ya kupiga kelele tu haina namna ya kuiambia kerneli kitu. Ikiwa na waya, UPower, programu ya Linux inayofuatilia betri, huiona kama betri, na katika `/etc/UPower/UPower.conf` mstari wa `CriticalPowerAction` huamua kifanyike nini chaji ikifika mwisho. Weka `Hibernate`, na upandishe `PercentageAction` kutoka asilimia 2 za kawaida hadi 15 au 20, ukizipandisha pia `PercentageCritical` na `PercentageLow` zibaki juu yake, la sivyo UPower hurudi kwenye thamani zake za kawaida. Betri ya UPS ya bei nafuu hushuka ghafla mwishoni, na mashine inahitaji muda wa kumaliza kuandika. Kuna chaguo pia kwenye BIOS za kompyuta za mezani la kuwaka zenyewe umeme unaporudi. Ukiliweka, unaweza kurudi kutoka dukani ukakuta kazi yako iko kwenye skrini.

Mchanganyiko wa pili ni wa laptopu. Mashine inalala kwenye RAM, na baada ya muda uliowekwa saa ya ndani inaiamsha kwa kitambo, inaandika picha diskini na kuzima. Ukirudi ndani ya muda huo, inaamka mara moja. Ukichelewa, unasubiri zaidi kidogo lakini betri iko vile vile. Muda unauweka kwenye `/etc/systemd/sleep.conf`, kwa mfano `HibernateDelaySec=45min`, na kwenye `logind.conf` unabadilisha `HandleLidSwitch` iwe `suspend-then-hibernate` ili kufunga kifuniko kutoshe. Hii ndiyo tiba ya s2idle mbovu. Mashine inayokula wati tatu usingizini ikizuiwa baada ya dakika 45 imepoteza Wh 2 na ushei, na hapo haijalishi tena kifaa gani kilikuwa kinakesha.

Ungekuwa wewe?

Laptopu ya zamani yenye S3, inayotumika kila siku: baki na S3, usijitafutie kazi. Swapu ya diski unaweza kuiongeza baadaye kwa ajili ya safari ndefu.

Laptopu mpya isiyo na S3: pima kwanza. Kama `last_hw_sleep` inakaribiana na muda halisi wa kulala, una bahati, iache. Kama hailingani, suspend-then-hibernate ni rahisi kuliko kumsaka mkosaji kati ya vifaa kumi, na hata ukimpata huenda dawa yake ni draiva ambayo bado haijaandikwa.

Mwanafunzi au mwandishi anayebeba mashine kwenye daladala au matatu na kuitumia vipindi vifupi: pia suspend-then-hibernate, kwa muda mfupi, hata dakika 20. Hapo kuna faida nyingine isiyohusu betri. Mashine iliyolala kwenye RAM ina ufunguo wa LUKS ndani ya RAM, na mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba yaliyomo kwenye RAM hayafutiki papo hapo umeme unapokatwa. Yanaweza kusomwa baada ya sekunde, na kwa RAM iliyopozwa baada ya dakika. Mashine iliyolala diskini, swapu ikiwa imesimbwa, ni sawa na iliyozimwa. Ila hakikisha swapu haikusimbwa kwa ufunguo wa nasibu unaobadilika kila inapowaka, maana picha haitafunguka tena.

Kompyuta ya mezani: hybrid-sleep, au diski moja kwa moja kama una UPS. Seva usiilaze.

Mitego miwili

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja wanakaa karibu na hatari. Ukiilaza Linux diskini, ukawasha Windows, ukaandika kwenye sehemu ya diski ambayo Linux ilikuwa imeifungua, kisha ukairudisha Linux, kerneli itaamka ikiamini akiba zake za zamani na kuziandika juu ya faili mpya. Hapo ndipo mfumo wa faili unapoharibika. Kinyume chake pia kipo: Fast Startup ya Windows, ambayo huja ikiwa imewashwa tangu Windows 8, hulaza kerneli ya Windows diskini kila unapodhani umeizima, na ndiyo maana Linux hukataa kuandika kwenye sehemu ya NTFS. Izime kwa `powercfg /h off` ukiwa ndani ya Windows kama msimamizi.

Wenye kadi za NVIDIA na draiva ya kampuni: kumbukumbu ya kadi ya picha nayo inahitaji kuhifadhiwa, la sivyo utaamka na madirisha yaliyochanikachanika au skrini isiyorudi. Kigezo cha draiva ni `NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1`, pamoja na huduma za `nvidia-suspend`, `nvidia-hibernate` na `nvidia-resume` ziwe zimewashwa. Baadhi ya matoleo ya Linux huja na mpangilio huo tayari, mengine hapana.

Jaribu kabla ya kuitegemea

Usingojee safari ndipo ujue. `sudo rtcwake -m mem -s 60` inailaza mashine kwenye RAM na kuiamsha baada ya dakika moja. Ukiweka `disk` badala ya `mem` unajaribu diski. Fanya hivyo mara kadhaa mfululizo, ukiwa na muziki unacheza, Wi-Fi imeunganishwa na kiendeshi cha USB kimechomekwa, kwa sababu mashine isiyo na kazi hulala vizuri karibu kila mara.

Ikikwama, kerneli ina njia ya kulala nusu nusu. Andika moja ya maneno `freezer`, `devices`, `platform`, `processors` au `core` kwenye `/sys/power/pm_test`, kisha ilaze. Itafika hatua hiyo tu, isubiri sekunde tano na kurudi. Anza na `freezer` ukishuka. Hatua ya kwanza inayokwama ndiyo yenye tatizo. Ikiwa ni `devices`, ondoa draiva moja moja kwa `modprobe -r` ukianzia na za Wi-Fi na Bluetooth, ulaze tena. Ukimaliza rudisha `none` kwenye faili hiyo, vinginevyo mashine itakuwa inaamka baada ya sekunde tano kila unapoilaza.